Vilima vinne, siku moja: mzunguko wa mlimani unapangwa mezani

"Nani alipanga hii safari?"

Swali hilo aliniuliza mama wa mwenzetu mmoja, Jumapili asubuhi, mbele ya kituo cha afya. Mtoto wake alikuwa amelala ndani, mguu umevimba kama muhogo. Mama hakupiga kelele. Alisimama tu, kitambaa mkononi, akingoja jibu. Mimi nilikuwa na miaka 23, mwaka wa mwisho wa lisensi ya agronomia, na njo mimi niliyekuwa nimekusanya franga za motari na kununua mikate. Nikamujibu: "Ni mimi, mama."

Lakini ndani ya moyo nilijua jibu lenyewe. Ile safari hakuna mtu aliyeipanga. Tulikubaliana kwenda, basi. Tarehe, saa, mahali pa kukutana, nani analeta muziki. Hiyo tuliita mpango.

Bandugu, tangu siku ile nimejifunza kupanga matembezi ya mlimani vile tulifundishwa kupanga shamba: kwa karatasi, kwa hesabu, na kwa kuuliza wenyeji. Naandika hapa kwa sababu kila likizo naona vikundi vya wanafunzi vinatoka asubuhi na viatu vya kanisa, chupa moja ya maji kwa watu watatu, vinasema "tunaenda kupanda milima, jioni tuko nyumbani". Kupanda kilima kimoja na kushuka, hiyo ni rahisi, hata ukikosea utarudi kwa njia uliyokuja nayo. Kuzunguka vilele vitatu au vine na kurudi pale ulipoanzia ni kazi nyingine kabisa. Mzunguko uko na kitu kimoja ambacho kilima kimoja hakina: ukipita mahali fulani, kurudi nyuma kunakuwa mbali kuliko kuendelea. Kama hujui mahali hapo ni wapi, utapapita bila kujua. Sisi tulipapita tukiimba.

Tulikuwa wapi

Tulikuwa ku vilima vya Kabare, magharibi ya Bukavu. Wenye kujua pale wanajua: ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya bahari, na ukiliacha nyuma unapanda tu, migomba, maharagwe, mihogo, mikaratusi, huku na huku chai, mpaka unaona Kahuzi mbele yako, mita 3308. Hatukuingia katika mbuga ya Kahuzi-Biega. Mle hauingii bila ruhusa na waongozaji wa mbuga. Sisi tulibaki ku vilima vya watu, kati ya mashamba.

Tulichagua vilima vinne vinavyozunguka mabonde mawili. Majina yake ya kweli wenyeji wanayo. Sisi tuliviita kwa alama zake: cha Antena, cha Mikaratusi, cha Msalaba na cha Mawe. Namba nitakazotoa ni zile telefone yangu ilipima nilipovirudia baadaye. Zikikosea mita kumi au ishirini, hesabu haigeuki. Tulianzia ku senta ndogo ambako motari anafika, mita 1850. Tulikuwa kumi na mmoja, mwanzo wa mwezi wa tano, mvua bado haijaisha. Tulipaswa kuanza kutembea saa 1 asubuhi. Wawili walichelewa, mikate ikachelewa, tukaanza saa 3.

1. Kabla ya ramani, tafuta mtu

Naanza na hili kwa sababu kwetu ni la kwanza. Katika mashariki ya Congo, kilima kilichokuwa salama mwezi uliopita kinaweza kuwa na shida wiki hii. Hakuna ramani inayoonyesha hilo. Anayejua ni mtu anayelala pale. Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari wowote, pigia simu mtu wa kijiji: mwalimu, muuguzi, mwanafunzi mwenzako aliyezaliwa pale, monitori wa kilimo. Muulize siku tatu kabla, halafu umuulize tena usiku wa mwisho. Akisita kujibu, hilo njo jibu. Unaahirisha.

Ukifika, unapita kwanza kwa shefu wa kijiji au nyumbakumi. Unasema mko wangapi, mnapita wapi, mnarudi saa ngapi. Hiyo ni heshima, na pia njo bima yenu: giza likiingia, kuna mtu anayejua kwamba kuna watoto wa watu mlimani. Kila mmoja awe na kadi yake ya mpiga kura au ya mwanafunzi mfukoni. Na pale ku antena, telefone inakaa mfukoni. Picha ya antena inaweza kuwaletea maswali ambayo hamtamaliza siku hiyo.

Kitu kingine: vijia vya vilimani ni njia za kwenda shambani. Usikate katikati ya maharagwe ya mtu ili kufupisha. Weye uliyesoma agro unajua mbegu ile ilinunuliwa kwa bei gani.

2. Hesabu kupanda kote, siyo kilele peke yake

Hapa njo tulikosea kosa kubwa, na lilikuwa kosa la hesabu.

Tulisema hivi: tunaanza mita 1850, kilima kirefu kuliko vyote ni cha Msalaba, mita 2340. Toa moja kwa nyingine: mita 490. "Mita 490 ni nini? Tunapanda kila siku kutoka sokoni mpaka ku homu!" Tukacheka.

Lakini katika mzunguko haupandi mara moja. Unapanda, unashuka bondeni, unapanda tena. Kila bonde linakunyang'anya mita ulizokwisha kulipa kwa jasho. Angalia vizuri:

Senta mpaka Antena (mita 2210): kilomita 3,5, kupanda mita 360.
Antena mpaka Mikaratusi (2260): kilomita 4, kushuka 230, kupanda 280.
Mikaratusi mpaka Msalaba (2340): kilomita 3, kushuka 140, kupanda 220.
Msalaba mpaka Mawe (2290): kilomita 4, kushuka 290, kupanda 240.
Mawe mpaka senta (1850): kilomita 4,5, kushuka 440.

Jumlisha: kilomita 19, na kupanda mita 1100. Zaidi ya mara mbili ya zile 490 zetu. Na iko njia rahisi ya kuhakikisha kwamba hesabu yako haijakosea: kwa kuwa mnarudi palepale mlipoanzia, jumla ya kupanda lazima ilingane na jumla ya kushuka. Hapa kushuka ni 230 na 140 na 290 na 440, ni 1100 pia. Zikitofautiana, umesahau bonde mahali fulani.

Namba hizo zinapatikana wapi? Ku mistari ya kimo, ile tunayoita kwa Kifaransa kurbe. Sisi wa agro hatuna haki ya kuiogopa. Tuliitafuta shambani kwa ile A ya miti, yenye kamba na jiwe, ili kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Ku ramani ni mistari ileile: ukitembea juu ya mstari mmoja, haupandi wala haushuki, ukiivuka, unapanda au unashuka. Kama imechorwa kila mita 20 na njia yako inavuka 18 kwa kupanda, umepanda mita 360. Mistari ikikaribiana sana, pale ni mtelemko mkali. Ikiwa mbalimbali, ni mahali pa kupumzisha miguu.

Programu za telefone kama OsmAnd zinaonyesha mistari hiyo hata bila rezo, kama umeshusha ramani mapema ukiwa bado mjini. Vimo vingi ambavyo programu za namna hiyo zinatumia vilipimwa na radari kutoka angani mwaka wa 2000, chombo cha Marekani kikizunguka dunia kwa siku 11. Ni kipimo kizuri kwa kupanga, lakini hakioni kila kitu. Kilima chenye mikaratusi mirefu kinaweza kuonekana kirefu kidogo kuliko udongo wake, na korongo jembamba linaweza kupotea kabisa. Kwa hiyo ramani kwanza, halafu yule mtu wa kijiji: "Mama, hapa katikati kunapitika?"

Swali hilo ni muhimu sana kwa mabonde. Kwetu katikati ya vilima kuna vinamasi. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, unakuta vimelimwa mboga na viazi, na unavuka juu ya matuta. Mwezi wa tano, kijia kilekile kiko chini ya maji, na unazunguka nusu saa kutafuta daraja la mti mmoja. Telefone itakuonyesha mstari mweupe unaopita katikati ya maji kama vile hakuna shida.

3. Geuza kilomita kuwa saa

Kilomita 19 ni saa ngapi? Mwaka wa 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watu wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vyetu inasemwa hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda.

Kwetu: kilomita 19 gawanya kwa 5, ni saa 3 na dakika 48. Mita 1100 gawanya kwa 600, ni saa 1 na dakika 50. Jumla saa 5 na dakika 38.

Lakini angalia, ile ni kanuni ya mtu mwenye nguvu, anatembea bila kusimama, ku njia nzuri. Haimjui mwenzako aliyekuja na viatu vya kuazima. Haijui udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi ukinyeshewa, ambapo kushuka kunachukua muda kama kupanda, kila mtu anashika majani kwa mkono. Kwa kundi la wanafunzi mimi nazidisha kwa 1,5. Hapo tunapata saa 8 na dakika 27 za kutembea. Ongeza mapumziko: dakika 15 ku kila kilele, na 30 ku Msalaba kwa chakula. Ni saa 1 na robo. Yote pamoja: saa 9 na dakika 42.

Sasa chukua saa 3 asubuhi, ile tuliyoanza. Ongeza saa 9 na dakika 42. Utafika saa 12 na dakika 42 jioni. Giza.

Yaani, bandugu, karatasi moja na kalamu, dakika kumi, ingetuambia Ijumaa jioni kile mlima ulituambia Jumamosi usiku. Hakukuwa na bahati mbaya pale. Mambo yalikuja vile hesabu ilivyosema.

4. Jua la kwetu halina subira

Bukavu iko karibu na mstari wa ikweta, kidogo zaidi ya digrii 2 kusini. Siku yetu ni karibu saa 12 mwaka mzima: jua linatoka kama saa 12 asubuhi, linazama kama saa 12 jioni. Na kwa kuwa kwetu jua linashuka karibu wima, giza linafika upesi. Wenzetu walioko Ulaya wanatuambia kwamba kiangazi kule jioni inachukua saa nzima na zaidi. Hapa, kutoka jua kuzama mpaka kukosa kuona mguu wako, unahesabu nusu saa tu, na ndani ya msitu wa mikaratusi hata hiyo haufikishi.

Kwa hiyo unapanga ukianzia mwisho. Nataka kuwa senta saa 11 na nusu jioni, hata mambo yakienda vibaya. Mvua nayo, katika majira yake, inapenda kuja mchana baada ya jua kupasha udongo joto. Kwa hiyo nataka vilele virefu viwe nyuma yangu mapema. Tukianza saa 12 na nusu asubuhi, mpango unakuwa hivi:

Antena saa 2:27.
Mikaratusi saa 4:36.
Msalaba saa 6:18, tunakula.
Mawe saa 8:36.
Senta saa 10:12.

Hapo tuko na saa 1 na dakika 18 za akiba kabla ya ile saa 11 na nusu. Akiba hiyo usiitumie kwa picha. Ni ya mguu uliovimba, ya daraja lililochukuliwa na maji.

Kuhusu radi: milima ya mashariki ya Congo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikipungua chini ya 30, toka ku mgongo wa mlima, shuka, usijifiche chini ya mkaratusi peke yake wala karibu na antena. Mpango utakaoteseka hapo ni wa saa. Uache uteseke.

5. Mlango uko ku kilele cha pili

Sasa nafika ku moyo wa jambo.

Tulifika Mikaratusi saa 7 mchana. Kulikuwa na mama mmoja analima pale chini ya miti, na mtoto mgongoni. Akatuangalia, akaangalia mawingu upande wa Kahuzi, akasema: "Batoto, murudie hapa. Mutalala njiani." Tukamujibu kwa heshima: "Bado kidogo tu, mama." Tukaendelea.

Chukua karatasi. Kutoka Mikaratusi, kurudi nyuma kupitia Antena ni kama saa 2 na dakika 50, kwa kasi ileile ya kundi. Kuendelea na mzunguko wote ni saa 4 na dakika 36, bila mapumziko. Kwa hiyo pale, kurudi ni karibu zaidi. Sasa simama ku Msalaba. Kurudi nyuma ni saa 4 na dakika 5. Kuendelea ni saa 3 na dakika 9. Imegeuka! Kati ya kilele cha pili na cha tatu kuna mlango, na ukiupita unafungwa nyuma yako. Haujaandikwa popote, hakuna jiwe wala kibao. Ni hesabu tu inayouonyesha.

Kwa hiyo uamuzi wa kurudi hauchukuliwi ku Msalaba, mnapokuwa mmelowa na mmechoka. Unachukuliwa ku Mikaratusi. Na saa yake inaandikwa nyumbani, mezani, kila mtu akiwa ameshiba na hana aibu. Mimi nafanya hivi: kutoka Mikaratusi nahitaji saa 4 na dakika 36 za kutembea na saa nzima ya mapumziko, yaani saa 5 na dakika 36. Nikitaka kufika saa 11 na nusu jioni, lazima niwe Mikaratusi kabla ya saa 6 kasoro dakika 6 mchana. Nakata zaidi kidogo, naandika saa 5 na nusu. Anayefika baada ya hapo anakunywa maji, anapiga picha, anarudi. Hakuna kupiga kura. Kwa sababu kundi likipiga kura mlimani, wenye nguvu njo wanaongea, na anayeumwa ananyamaza.

Sisi siku ile tulipita mlango saa 1 na nusu baada ya saa hiyo.

Jambo la pili la mlango: tafuta vitokeo, yaani njia za kando zinazoshuka ku barabara kabla ya mwisho. Kwa kila kipande cha mzunguko, jiulize: mtu akivunjika hapa, tunamshusha wapi? Mvua ilitukamata saa 8. Saa 10 kasoro robo, tukishuka kutoka Msalaba, mwenzetu aliteleza, kifundo cha mguu kikageuka. Tulimbeba kwa zamu mpaka bondeni, giza likatukuta pale, hakuna rezo, toroshi ni za telefone tatu ambazo bateri zilikwisha liwa na muziki. Mzee mmoja alisikia sauti zetu, akaja na taa. Alitulaza watu kumi na mmoja ndani ya nyumba ya vyumba viwili, akatuwashia moto, akatupa viazi vitamu. Asubuhi wanaume wanne waliacha ibada, wakafunga tipoyi, wakambeba mpaka kituo cha afya. Walikataa franga.

Njiani mmoja wao aliniuliza: "Lakini juu ya nini hamukushukia kule ku bega ya Msalaba? Kuna njia ya wamama wa soko, inafika ku barabara mbele ya saa moja." Tulikuwa tumeipita dakika ishirini tu kabla ya ajali. Hatukuijua kwa sababu hatukuuliza.

6. Maji, chakula, nguo

Hapa sitakawia. Maji: lita 3 kwa kila mtu. Migongo ya vilima haina chemchemi. Maji ya mvua yanapenya udongo na kutokea chini, ku miguu ya mitelemko. Kwa hiyo utayaona maji palepale ambapo yamekwisha kupita mashambani na ku ng'ombe. Usiyanywe bila dawa ya kusafishia au kuyachemsha.

Chakula kisichohitaji kupikwa: mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, avoka, viazi vitamu. Kila mtu abebe chake. Mkiweka chakula chote ku mfuko mmoja, mwenye mfuko atakuwa mbele au nyuma siku zote.

Nguo: kila mita 100 unazopanda, hewa inapungua joto kwa zaidi ya nusu digrii. Hiyo peke yake si kitu. Lakini nguo iliyolowa pamoja na upepo, juu ya mita 2300, inatetemesha mtu hata karibu na ikweta. Weka sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa kundi: shitingi moja, toroshi mbili za kweli, kamba, bandeji, telefone moja iliyozimwa tangu asubuhi, yenye initi na namba ya shefu.

7. Anayetembea polepole anatangulia

Kasi ya kundi ni kasi ya mtu wa mwisho, upende usipende. Ukimweka nyuma, atafika wenzake wamepumzika na wako tayari kuondoka. Yeye hapumziki siku nzima, na huyo njo atateleza. Mwenzetu aliyeumia alikuwa wa mwisho tangu Antena. Hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hizi yeye anatangulia, na mwenye nguvu kuliko wote anafunga nyuma. Saba au nane wanatosha. Kumi na mmoja ni msururu.

Mara ya pili

Mwenzetu alitembea na fimbo miezi mitatu. Alikosa staji yake ya shambani, akamaliza lisensi mwaka uliofuata, nyuma ya promosio yetu. Hakunilaumu hata siku moja. Mama yake pia, baada ya lile swali, hakuongeza neno. Ningependa angeongeza.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa saba, nilirudi na watu saba. Yeye alikuwa mmoja wao, mbele kabisa. Tulikuwa na karatasi: vipande vitano, saa tano, mlango mmoja, kitokeo kimoja. Nakala moja tulimuachia shefu, nyingine mama wa mwenzetu. Tulianza saa 12 na nusu kamili.

Kabla ya Antena, soli ya kiatu cha dada mmoja ilifunguka. Tukaifunga kwa kamba, ikafunguka tena. Tulifika Mikaratusi saa 5 na dakika 50, mbingu ni bluu, hakuna wingu, miguu iko na nguvu, Msalaba tunauona pale mbele kama unaweza kuushika. Dakika ishirini tu za kuchelewa. Wawili walisema: "Mkubwa, tuendelee, si ni kiangazi?" Nilitoa karatasi, nikawaonyesha saa iliyoandikwa, nikaikunja. Tukarudi.

Saa 9 mchana tulikuwa senta, tunakunywa chai. Mvua haikunyesha. Hakuna aliyeumia. Mmoja akasema: "Munaona? Tungefika." Pengine ni kweli. Sikumjibu, kwa sababu mpango mzuri hauna namna ya kuonyesha ajali ambayo haikutokea.

Mwenzetu wa mguu alikuwa anapiga simu. Nilimsikia anasema: "Ndiyo, mama. Tumefika. Bado kuna jua."